Wenye saluni, tuulize kilicho ndani ya chupa kabla ya kuagiza

Mhariri,

Nina saluni Kondele, mjini Kisumu: viti vitatu vya nywele na chumba kimoja cha nyuma cha kutunza uso. Siku hizi hazipiti wiki mbili kabla wakala wa vipodozi hajapanda ngazi zangu na mkoba wa sampuli, na naona wenzangu wakichagua krimu za kufanyia kazi kwa kutazama uzuri wa chupa na faida watakayopata. Nami nilichagua hivyo, na aliyelipa ni mteja.

Alikuwa mama muuza samaki wa Dunga, mwenye mabaka meusi mashavuni yaliyomtoka akiwa na mimba ya pili. Mwenye duka mmoja wa hapa mjini alikuwa ameniuzia mikebe sita ya krimu nyeupe, akaniapia kwamba ni ya kitaalamu, ile inayotumika katika saluni kubwa. Mkebe haukuwa na orodha ya viungo. Ulikuwa na jina na ua la rangi ya dhahabu, basi. Wiki ya pili yule mama aling'aa hadi wauzaji wenzake wakaja kuuliza amepaka nini. Nilifurahi sana. Mwezi wa nne mikebe ikaisha, muuzaji akawa hana mingine, na haikuchukua siku nyingi uso ukamwaka: vipele, ngozi laini kama ya kidonda kinachopona, mwasho wa kumnyima usingizi. Daktari wa ngozi alipouona alisema hiyo ni kazi ya steroidi, dawa ambayo mtu hutakiwa kuandikiwa na daktari, si kupakwa saluni. Nilimtembelea nyumbani. Alinifungulia mlango amejitanda leso hadi puani, akaniambia, "Dada, mimi huo mkebe siujui. Nilikuamini wewe."

Tangu siku hiyo wakala akifika namkaribisha kiti, kisha naomba orodha ya viungo kabla hajafungua mkoba. Viungo huandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona kile anachokisifu kimeandikwa mwisho kabisa, nyuma ya manukato, jua kimo matone tu. Haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya, lakini zebaki haijitangazi. Kwenye kibandiko huweza kuandikwa "calomel" au "mercurous chloride". Na palipo na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nambari iliyo chini yake, ikitanguliwa na SM#, hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, na jibu huja likikueleza kibali hicho ni cha nani. Mimi huituma wakala akiwa ameketi pale pale. Aliye safi hakasiriki.

Swali langu la pili ndilo huwakwamisha wengi: bidhaa hii imejaribiwa kwenye ngozi ya nani? Wakala mmoja alinionyesha kitabu kizima cha picha za kabla na baada, na sikuona hata uso mmoja mweusi. Si jambo dogo. Hata kile kipimo cha aina za ngozi kinachofundishwa vyuoni, cha daktari Fitzpatrick wa Marekani, kilipotoka mwaka 1975 kiligawa ngozi nyeupe peke yake. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Ngozi yetu ikichomwa kidogo tu na asidi ya kuambua ngozi hujibu kwa weusi, na weusi huo hukaa miezi. Jopo la wataalamu wa vipodozi la Marekani lilisema mwaka 1998 kwamba asidi ya glaikoliki, mojawapo ya hizo, mikononi mwa mtaalamu wa saluni isizidi asilimia 30, na pH yake, kile kipimo ambacho kikishuka ukali wa asidi huzidi, isishuke chini ya 3, tena ikae muda mfupi na kuoshwa vizuri. Nimeletewa chupa za kuambua ngozi zisizotaja asilimia wala pH. Hizo nazirudisha bila hata kuuliza bei.

Kinga ya jua nayo naipaka mkononi mwangu, natoka nayo hadi kwenye veranda, naitazama. Ikiacha weupe kama jivu, muuza samaki wangu hataipaka hata siku moja, na bila kinga mabaka yake hayaondoki hata nikimpaka seramu ya bei gani. Zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksidi za chuma, ndizo zinazomfaa, kwa kuwa huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao nao huyatia mabaka nguvu.

Kuhusu bei, wenzangu, tuache kulinganisha chupa kwa chupa. Tuhesabu nyuso. Sabuni ya uso ya mililita 500 kwa shilingi 6,000 inatisha, lakini uso mmoja hula mililita 5, kwa hivyo chupa hiyo ni nyuso 100, shilingi 60 kila mmoja. Ile ndogo ya mililita 150 kwa shilingi 2,400 inaonekana nafuu, kumbe kila uso unakula shilingi 80. Nilipoanza kuhesabu hivi, kwenye daftari la shule la mwanangu, niligundua kwamba nilikuwa nafanya fesho moja, yaani huduma ya kusafisha uso, kwa hasara mwaka mzima.

Hali ya hewa pia tuitazame. Dada yangu ana saluni Eldoret na hupaka wateja wake krimu nzito ya mafuta, nao humshukuru kwa sababu ya baridi na upepo. Krimu hiyo hiyo hapa ziwani, kwa joto na unyevu wetu wa saa nane mchana, huwatoa watu chunusi. Seramu yangu ya vitamini C iligeuka kahawia kabatini karibu na dirisha kabla sijafika nusu ya chupa. Wakala asiyeweza kukwambia bidhaa yake itunzwe wapi stima ikipotea hajawahi kuwaza kuhusu Kisumu.

Nije kwa wasambazaji wenyewe, maana ndio hasa nawaandikia. Jane Wurwand alianzisha shule ya watunza ngozi huko Marekani mwaka 1983, na bidhaa zake za Dermalogica zikaja mwaka 1986. Alifunza miaka mitatu kabla ya kuuza. Sisemi tununue hizo, bei yake si ya wateja wangu. Nasema mpangilio ule ulikuwa sawa. Huku kwetu tunauziwa kwanza, na ukitaka mafunzo unaambiwa yako Nairobi. Nauli, malazi, saluni imefungwa siku tatu, na msichana uliyemwajiri ndiye anayeshika uso wa mteja, wala hakualikwa. Kampuni niliyoichagua hatimaye si kubwa wala si maarufu. Niliichagua kwa sababu mwakilishi wake alikaa nami chumbani kutwa nzima, akamfunza msaidizi wangu kupima kila bidhaa nyuma ya sikio la mteja na kungoja hadi kesho yake, kisha akaniachia nambari ya simu ambayo huwa anaipokea.

Saluni za Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega zikiitwa pamoja zinajaza ukumbi kwa siku moja. Wasambazaji waje, na waje na orodha zao za viungo. Mimi nitakuja na msaidizi wangu, na yule mama wa Dunga amesema akiruhusiwa atakuja kuwaonyesha uso wake.

Mwenye saluni,
Kondele, Kisumu