Anayealikwa Ulaya asiukimbie mlima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala ya ukurasa wa utalii iliyotoka wiki mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliwashauri Watanzania wanaoalikwa Ulaya na watoto wao wachague mapumziko ya ufukweni na kuachana na milima, kwa hoja kwamba sisi ni watu wa joto na kwamba mlima tunao wa kwetu. Hoja hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Kiboriloni hapa Moshi, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimewakaririsha watoto urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, ilhali mimi mwenyewe sijawahi kuvuka Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji katika njia ya Marangu. Mlima tunao, ni kweli, lakini wengi wetu tunao kwa macho tu, asubuhi mawingu yanapofunguka.

Mwaka jana binti yetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Freiburg huko Ujerumani, alitualika mimi na mama yake tukakae naye mwezi mzima, na katika mwezi huo alikuwa na likizo ya wiki mbili. Akatuuliza swali lile lile la makala yenu: tukapumzike baharini au milimani? Mimi na mwenzangu hatukuelewana, basi ikabidi tugawane siku, sita zikaenda pwani ya Kroatia karibu na Split, na tano zikaenda Wallis, jimbo la milima lililo kusini mwa Uswisi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikusimuliwa.

Nianze na bahari, kwa kuwa ndiyo aliyoichagua mama Neema, ambaye ni mzaliwa wa Pangani na anaijua bahari kuliko mimi niliyekulia migombani. Asubuhi ya kwanza aliketi juu ya taulo akiyatazama maji kwa makini, na nilipomuuliza anangoja nini akasema anangoja yapwe, aone miamba ya wenzetu ina nini. Akangoja mpaka saa sita mchana. Maji hayakupwa. “Baba Neema,” akaniambia, “hii ni bahari au ni bwawa?” Nikajikuta nimerudi darasani, namweleza kwamba Mediterania, ambayo bahari ile ya Kroatia ni sehemu yake, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote na inaungana na bahari kuu ya Atlantiki kwa mlango wa Gibraltar, ambao mahali palipo pembamba upana wake ni kama kilomita 14 tu, hata kujaa na kupwa kwa bahari kuu hakupati njia ya kuingia kwa nguvu. Pwani ile maji hupanda na kushuka shubiri moja au mbili, wakati Pangani siku za bamvua hushuka zaidi ya mita 3 na kuwaachia akina mama uwanja mzima wa kutafuta pweza na kombe. Kwa mtu wa mwambao, bahari isiyokupwa ni nusu ya bahari.

Sisemi kwamba bahari ile haifai. Maji yake ni maangavu, unaona vidole vyako ukiwa umezama hadi kifuani, na mwisho wa Julai yalikuwa na joto la kutosha kumridhisha hata mtu wa Tanga. Jua linachelewa kuzama hadi kama saa mbili na nusu usiku, na mwenye watoto wadogo atafurahi kwamba hakuna maji yanayoondoka na mtoto. Lakini fukwe nyingi za Kroatia ni za kokoto, hata huingii majini bila viatu vya mpira, na pale tulipokuwa kiti na mwavuli vililipiwa kwa siku. Nikajiuliza, na bado najiuliza: mtu anayeweza kupanda basi Moshi asubuhi na kufika Pangani kabla ya siku kwisha, akatembea juu ya mchanga wa Ushongo bila kudaiwa senti, kwa nini apande ndege mbili akatafute jambo hilo hilo likiwa pungufu?

Milimani mambo yalikuwa mengine. Tulifikia Zermatt, kijiji ambacho magari ya petroli hayaruhusiwi, wageni huyaacha Täsch na kumalizia safari kwa treni, na juu yake umesimama mlima Matterhorn, mita 4,478, uliochongoka kama jino. Kutoka kijijini hapo kuna reli yenye meno katikati ambayo hupanda hadi Gornergrat, mita 3,089 kutoka usawa wa bahari, kwa muda wa nusu saa na dakika chache. Msomaji wa Moshi ataelewa haraka nikimwambia kwamba hapo ni juu ya Mandara, iliyo kwenye mita 2,720, na chini ya Horombo, kituo kinachofuata, kilicho kwenye mita 3,720. Na Mandara, kama tunavyojua, ni mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu kutoka lango la Marangu. Reli hiyo inatumia umeme tangu ilipofunguliwa mwaka 1898, yaani miaka 9 tu baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kilele cha Kibo, kilicho kirefu kuliko vyote Kilimanjaro.

Mama Neema ana goti bovu, na hiyo ilikuwa sababu yake kubwa ya kuukataa mlima. Ndani ya behewa letu alikuwamo bibi mwenye mkongojo, mama aliyebeba kichanga, na kijana katika kiti cha magurudumu ambaye mfanyakazi wa treni alimtandikia bati mlangoni akaingia bila kubebwa na mtu. Tuliposhuka juu, mwenzangu alipiga hatua kumi, akasimama akashika kifua, kwa sababu hewa ya pale ni nyepesi na sisi tulikuwa tumepanda kwa kasi ambayo hakuna muongozaji wa Kilimanjaro angeikubali. Nikamwambia, “Pole pole, mama.” Wazungu wawili waliokuwa karibu wakageuka wakacheka, maana maneno hayo walikuwa wameshayasikia kwa wapagazi wetu: walikuwa wamefika Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo. Wakaniuliza mimi nimepanda mara ngapi. Sikuwa na la kujibu zaidi ya kuuliza ile barafu ndefu iliyokuwa chini yetu inaitwaje.

Sitaki nieleweke kwamba nasi tujenge reli mpaka Kibo; mjadala wa mwaka 2019 kuhusu magari ya kuning’inia kwenye nyaya ulitosha kutugombanisha, na wapagazi wana haki ya kuhofia riziki yao. Ninachosema ni kwamba kwa mtu wa umri wangu, au mwenye goti kama la mke wangu, Ulaya ndiko mahali anapoweza kufika juu, akaiona barafu kwa karibu, kisha akashuka kula chakula cha mchana. Nafasi hiyo kwetu haipo, wakati bahari ipo. Na barafu yenyewe haingoji. Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu mwaka 1912, na Uswisi, katika miaka miwili tu ya 2022 na 2023, barafu za milimani zilipungua kwa takriban asilimia 10 ya ujazo wake.

Jambo lililonigusa kuliko yote halikuwa kileleni. Siku ya tatu tulitembea kando ya mfereji mwembamba uliochimbwa ubavuni mwa mlima, ambao wenyeji wanaozungumza Kijerumani huuita Suone, unaoleta maji ya barafu iliyoyeyuka hadi kwenye malisho na mizabibu, kwa sababu bonde la Wallis ni kavu kuliko mgeni anavyodhani. Nikapiga magoti. Mahali pa kugawia maji palikuwa na ubao umezibwa kwa jiwe na bonge la udongo wenye majani, vilevile hasa kama marehemu baba yangu alivyokuwa akiziba mfongo wetu, yaani mfereji wa maji wa Wachaga, zamu ya jirani ilipofika. Binti yangu akanieleza kwamba zamani zamu za maji huko ziliwekwa kwa alama zilizochongwa kwenye vijiti, ili mtu asije akadai saa zisizo zake. Nilikulia katika ugomvi wa zamu za mfongo. Sikutegemea kukuta mambo hayo hayo Ulaya. Mchaga yeyote anayekwenda huko na asiione mifereji ile, amekwenda bure.

Hata kutembea kwenyewe hakuhitaji ushujaa. Njia za matembezi ya kawaida zina vibao vya manjano, na vibao hivyo havitaji kilomita bali saa, kama tunavyosema sisi kwamba kwa fulani ni mwendo wa saa moja. Onyo langu ni kwamba saa hizo ni za miguu ya Waswisi: ilipoandikwa dakika 50, sisi tulitumia saa moja na nusu. Njia zenye alama ya nyeupe na nyekundu zinataka viatu imara na kichwa kisichoogopa kimo, na zile za nyeupe na buluu waachiwe wapanda milima wenyewe.

Kuhusu hoja kwamba sisi ni watu wa joto, nadhani mwandishi wenu alikuwa akiwafikiria watu wa Dar es Salaam. Anayeamka Marangu mwezi wa Julai hahitaji kufundishwa baridi. Makoti na viatu vyetu vya mlimani tulivinunua soko la Memorial, mitumba mizuri, na koti langu lilikuwa na lebo ya duka la huko huko Uswisi, hata nikawa namtania mama Neema kwamba nimelirudisha likasalimie kwao.

Ambacho makala haikukigusa kabisa, na ndicho kinachowapotezea watu fedha, ni miezi. Wakala mmoja wa safari alituhakikishia kwamba Mei ni kiangazi, akatutaka tulipe sehemu ya gharama tuwahi nafasi. Tukalipa shilingi 300,000, ambazo hazikurudi. Binti yetu aliposikia alishangaa, kwa sababu mwezi wa Mei bahari ya Kroatia bado ina baridi ya kukukata miguu, na milimani magari mengi ya nyaya yanakuwa yamefungwa kwa matengenezo huku njia za juu zikiwa bado zina theluji. Bahari inafaa kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Milima nayo, kwa asiyejua kuteleza juu ya theluji, ni mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Agosti wenyeji nao wako likizo, na kila kitu hupanda bei.

Gharama sizifichi: Uswisi ni ghali, na nauli kamili ya kwenda na kurudi Gornergrat wakati wa kiangazi ni zaidi ya faranga 100 kwa mtu mmoja. Kuna kadi ya nusu nauli wanayouziwa wageni, inayotumika mwezi mmoja, na bila hiyo tusingethubutu; maji ya kunywa tulikinga bure kwenye mabomba ya vijijini. Hapo bahari inaushinda mlima, nakiri. Ila kwa usalama sioni tofauti kubwa. Julai 2023 maelfu ya watalii walihamishwa kisiwani Rhodes, Ugiriki, kwa sababu ya moto, na tarehe 28 Mei 2025 kijiji cha Blatten, katika jimbo lile lile la Wallis, kilifukiwa na barafu na mawe, wakazi wake wapatao 300 wakiwa wameshahamishwa siku chache kabla.

Chaguo hili linagusa pia viza. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ndiyo maana sisi tuliomba Ujerumani ijapokuwa mapumziko yenyewe yalikuwa kwingine. Kroatia imo ndani ya Schengen tangu Januari 2023, na Uswisi, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, imo pia. Kwa hiyo viza moja ilitutosha kote. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Anayebadili mawazo, akatoka mlimani kwenda baharini baada ya kuomba, ajiandae kueleza kwa nini.

Namwomba mwandishi wenu, atakaporudi kwenye mada hii, awaandikie wasomaji miezi na nauli, na awaulize wazee wenye magoti mabovu kabla ya kuwaamulia. Mama Neema, ambaye amesoma barua hii kabla sijaituma, anataka iandikwe kwamba yeye bado ni mtu wa bahari, lakini ya Pangani, na kwamba picha aliyoitundika sebuleni ni ya Gornergrat.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Kiboriloni, Moshi.