Mwanangu, rozari ya bibi nimeitunga tena

Tumsifu Yesu Kristo baba. Najua umeitikia milele amina, hata kama uko kwenye treni umeitikia kimoyomoyo.

Voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nlikuwa naanika dagaa, nikaacha kila kitu nikaja kukaa barazani maana sauti yako niliijua kabla hata hujasema neno. Umesema ile Misa ya kale ya Kilatini mliyokuwa mnasali kwenye kile kikanisa cha mtaani kwenu huko Ufaransa imeondolewa, saivi mnatakiwa mpande treni mwendo wa saa moja na nusu mpaka mji mwingine, na hapo ni Jumapili mbili tu kwa mwezi. Hilo nilivumilia kulisikia. Kilichonichoma ni pale mwisho uliposema mama nimechoka, bora nikae tu nyumbani kwasababu wenyewe hawatutaki. Hiyo sentensi imenikosesha usingizi, ndo mana nimeona nisikujibu kwa voisi, nikuandikie, uweze kuisoma hata usiku ukiwa peke yako.

Kwanza nikwambie sidharau uchungu wako. Ulinieleza mwenyewe ulivyokuja likizo, tumekaa pale chini ya mwembe, jinsi Papa Benedikto wa 16 mwaka 2007 alivyofungua mlango, padre yeyote akaruhusiwa kusali kwa misale ya 1962, kile kitabu cha Misa ya kale, bila kumuomba askofu, na akaandika kwamba kilichokuwa kitakatifu kwa waliotutangulia bado ni kitakatifu na kikubwa kwetu sisi. Alafu tarehe 16 Julai 2021 Papa Fransisko kwa barua yake akairudisha ruhusa hiyo mikononi mwa maaskofu na akasema vikundi vya Misa ile visikusanyike kwenye makanisa ya parokia. Mtu aliyelelewa na kitu, akakipenda, akakitolea machozi, ukimwambia toka nacho nje lazima aumie. Mimi ni mama yako naumia na wewe. Ila baba, ile barua ya 2021 ilisema na sababu, kwamba wapo walioigeuza Misa ile kuwa fimbo ya kuwachapia wenzao na kuukataa Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu ulioleta mabadiliko ya Misa, na mimi kwenye voisi yako nimesikia maneno mawili matatu hivi yanaelekea huko huko. Umewaita waumini wengine "wa kisasa" kwa namna ambayo bibi yako asingeipenda. Mimi ni mmoja wao, nasali Misa ya Kiswahili kila Jumapili, na ile siku baba yako anazikwa ni Misa ya Kiswahili iliyonishika mkono.

Sasa kuna kitu nilikisoma kwenye simu nikashtuka sijui kama wewe unakijua. Yule Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, aliyeanzisha lile shirika la Mtakatifu Pius wa 10, la mapadre wanaoshikilia Misa ya kale, mwaka 1970 kule Uswisi, kumbe alikuwa Padre wa Shirika la Roho Mtakatifu! Shirika lile lile lililokuja Bagamoyo mwaka 1868 na padre Horner, waliotupandia hii miembe ya njia ya misheni, walionunua watoto soko la watumwa Unguja wakawaleta hapa wakawa watu huru. Yeye alikuwa mmisionari Gabon, akawa askofu mkuu wa Dakar, na kuanzia 1962 mpaka 1968 ndo alikuwa mkuu wa shirika zima duniani. Yaani ni kama ndugu wa ukoo wetu wa imani. Na mtu huyo mwaka 1988 akaweka maaskofu wanne bila idhini ya Papa Yohane Paulo wa 2, ikawa kutengwa, mpasuko, machozi pande zote. Lakini mwaka huo huo mapadre wengine waliokuwa naye, wanaoipenda Misa ile ile, walisema sisi kwa Papa hatutoki, wakaanzisha udugu wa Mtakatifu Petro na wapo mpaka leo wanasali Kilatini kila siku. Angalia hapo vizuri mwanangu. Misa moja, uchungu mmoja, njia mbili. Sijakaa kumhukumu marehemu, aliipenda Misa kuliko ninavyoweza kueleza, ila wewe mtoto wangu nakutaka kwenye hiyo njia ya pili hata kama ni ya treni saa moja na nusu.

Bibi yako unamkumbuka vizuri ila kuna mambo ulikuwa mdogo. Yeye ndo alikuwa Kilatini cha nyumba hii. Hakusoma zaidi ya darasa la nne lakini Tantum Ergo alikuwa anaiimba mwanzo mwisho anamenya muhogo, Salve Regina anaimba anafua. Misa ilipobadilika mwishoni mwa 1969 na kwenda 1970, alikuwa mama mwenye watoto tayari, akanambia siku ya kwanza kusikia Misa yote kwa Kiswahili na padre anawatazama watu alilia, hakujua analia furaha au msiba. Furaha kwasababu alielewa kila neno. Msiba kwasababu kile kimya cha katikati, pale zamani padre anaongea na Mungu taratibu na kengele inalia kila mtu kapiga magoti, alikitafuta hakukiona. Lakini hakuondoka. Jumapili iliyofuata alikuwepo benchi lile lile, mtandio ule mweupe ambao haukuvaliwa popote ila kanisani, na kile kimya alichokikosa akakihamishia nyumbani.

Na alikihamisha kwelikweli. Ijumaa nyumba nzima hamna nyama, sasa huku pwani kuacha nyama ni kitu gani, samaki tunakula kila siku, kwahiyo yeye Ijumaa aliacha na samaki, anakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, akiulizwa anasema tumbo. Hakutaka mtu ajue. Ijumaa ya kwanza ya mwezi lazima kitubio na komunyo, hata mvua za masika. Skapulari yake ya kahawia, kile kitambaa cha ibada cha kuvaa shingoni, ilichakaa mpaka ikawa haina rangi. Na kila jioni rozari, umeme uwepo usiwepo.

Kuna siku jirani yetu, yule bibi wa upande wa kisimani, mwislamu swafi, walikuwa wamekaa na bibi yako wanasuka ukili. Wajukuu zake wametoka chuoni wanarudia sura zao kwa Kiarabu, unajua ile sauti ya alfajiri na ile ya jioni. Jirani akamuuliza bibi yako, shoga, sisi sala zetu ni Kiarabu, mjukuu wangu hajui hata maana bado lakini kashika, nyie lugha yenu ya sala ni ipi? Bibi akasema ilikuwa Kilatini. Jirani akanyamaza kidogo akamuuliza, sasa mmeiweka wapi? Bibi hakujibu. Usiku ule kwenye rozari akaanza kwa Kilatini, na hakurudi nyuma mpaka anakufa. Hakumsema padre, hakumsema askofu, hakuandika barua popote. Aliiweka mdomoni mwake.

Nikuambie na langu ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka baba yako alivyofariki wewe ulikuwa darasa la tano, mimi nilikuwa naenda kanisani kwasababu yenu tu. Ndani hamna kitu. Nikifungua mdomo nisali neno halitoki, nikajiona mnafiki nikamwambia mama sisali tena rozari, nitakuwa namdanganya Mungu. Hakunigombeza. Akachukua mkono wangu akaniwekea zile shanga akasema wewe shika tu, maneno nitasema mimi. Basi kila jioni anasema Ave Maria gratia plena, mimi sijui hata neno moja limeishia wapi, navuta ushanga mmoja, anasema tena, navuta mwingine. Miezi nane hivyo. Nyie mnalala, mimi navuta shanga. Alafu kuna jioni moja, sio sikukuu wala nini, siku ya kawaida kabisa na kuna joto, nikajisikia naitikia ora pro nobis peccatoribus, utuombee sisi wakosefu, kwa sauti yangu mwenyewe, bibi akatulia kidogo akaendelea kama hajasikia. Kumbe maneno yalikuwa yananiingia mkononi miezi yote hiyo.

Kwahiyo unaponiambia umechoka na huna hamu, baba, mimi sishtuki na hamu. Hamu inaenda inarudi kama maji ya hapa ufukweni kwetu. Ninachokiogopa ni hiyo hasira, maana nimeona watu walioanza na kuipenda Misa ya kale wakaishia kuipenda hasira yenyewe, rozari wameacha, kuungama wameacha, kazi ni kubishana usiku kucha nani mkatoliki wa kweli. Padre wa parokia ya karibu na wewe, huyo anayesali Kifaransa na magitaa, Yesu anayemshika mikononi ni yule yule. Jumapili ambazo hakuna treni nenda kwake. Kaa nyuma, piga magoti kama ulivyofundishwa, hakuna atakayekukataza. Na Jumapili za Kilatini panda treni, nauli ikipungua niambie, dagaa msimu huu wametoka vizuri.

Na Pentekoste tafadhali usiache ile hija ya kutembea Paris mpaka Chartres. Ile picha uliyonitumia mwaka juzi, mmelowa, viatu tope, siku tatu kilomita kama 100, vijana wa watu wanaimba, na wewe katikati yao mtoto wa Bagamoyo, nimeichapisha naiweka pale kwenye meza ya sala. Huwa naitazama nawaza, Wafaransa walikuja hapa na meli wengi wakafa vijana kwa homa, nenda pale makaburi ya misheni soma umri wao uone, walikuja kutuletea Misa ile, na leo mtoto wetu anaisindikiza barabarani kwao. Hilo hakuna barua inayoweza kulifuta.

Sasa habari ya rozari. Wiki iliyopita nimekaa pale kwenye groto, lile pango la sala la Mama Maria lililojengwa 1876, nipo fumbo la nne uzi ukakatika, shanga zikamwagika kwenye mchanga. Unajua ni mara ya ngapi hiyo, bibi mwenyewe aliitunga mara nne. Nikapiga magoti naokota, mtoto mmoja wa shule akanisaidia, zinatakiwa 59 tukapata 58. Nimerudi kesho yake na ungo, nimechekecha mchanga, sijauona. Basi nimechukua ule mshipi wa nailoni wa baba yako, upo bado kwenye kopo juu ya kabati, nimetunga zote upya, na pale penye pengo nimeweka ushanga wa bluu uliotoka kwenye ile cheni yako ya utotoni. Upo fungu la tatu, utaujua kwa kidole hata gizani. Kuna dada wa jumuiya yetu anasafiri kuja huko mwezi ujao, nimemkabidhi yeye.

Mimi nitabaki na ile ya plastiki ya WAWATA, umoja wetu wa wanawake wakatoliki, inanitosha. Ijumaa ya kwanza nitakuwa pale groto saa kumi na mbili jioni, huko kwenu itakuwa kama saa kumi au kumi na moja, angalia majira yenu. Popote utakapokuwa, kazini, njiani, shika shanga. Ukishindwa maneno usijilazimishe, nitasema mimi.

Mama yako
Bagamoyo