Kuuliza hesabu si uchochezi

Ndugu Mhariri,

Katika mkutano wa mtaa wetu hapa Mbeya, mkazi aliyeulizia mapato na matumizi ya michango ya barabara alinyang'anywa kipaza sauti, eti anachochea. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inatupa uhuru wa maoni, na ya 30 inauwekea mipaka ili haki za wengine zisivunjwe. Sioni haki ya nani iliyovunjwa kwa kuulizia risiti. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba kudai wafanyabiashara wa nafaka wanawashindisha maskini njaa kunaruhusiwa gazetini, lakini kunaweza kuadhibiwa kukitamkwa mbele ya kundi lenye hasira mlangoni kwa mfanyabiashara. Sisi wauza mahindi, tunaosemwa kila bei ikipanda, tunaielewa tofauti hiyo. Mwenyekiti aitishe mkutano mwingine, asome hesabu.

Muuza mahindi,
Mwanjelwa, Mbeya