Kaka, shimo la babu bado liko wazi

Kaka,

Juzi tumemzika baba na hukuja. Mama alipokea simu yako akashukuru. Mimi niliponyooshewa niliondoka.

Ile asubuhi haijanitoka. Baba ametoka na kibuyu cha pombe ya mnazi ampe babu, mimi nyuma yake. Kigango, ule mti wa kumbukumbu uliosimamishwa kwa ajili ya marehemu babu, hakipo. Pana shimo, udongo mbichi, na kipande cha kitambaa chekundu. Baba hakupiga kelele. Alichuchumaa akaumimina mnazi shimoni, polepole, hadi tone la mwisho. Wewe ulikuwa mlangoni, unapiga mswaki.

Na wewe ndiye uliyenisimulia jinsi babu alivyomjia baba ndotoni akisema anasikia baridi, mpaka wazee wa Gohu, kile chama cha siri cha wazee wetu, wakaitwa na gogo la muhuhu likachongwa: kichwa cha duara, kifuani pembetatu safu kwa safu. Ulijua hakihamishwi. Watu huhama mji wakakiacha kisimame hadi mti uoze wenyewe. Ukakiuza kama kigoda!

Sasa nisikilize. Mtafute yule mwenye duka la vinyago uliyempa. Vinarudi, kaka. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa mzee mmoja kule Kaloleni vilionekana kwenye makumbusho za Marekani, na mwaka 2007 vikafika nyumbani. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019. Cha babu utakijua tu: shingoni kina mkwaruzo wa kamba, pale tulipomfunga yule mbuzi beberu mweupe tukachapwa wote wawili, nawe ukasema kosa ni lako peke yako.

Utaniuliza mbona nilinyamaza. Nililisikia jembe usiku ule, ndiyo. Nilikuwa na miaka 12. Ningesema, baba angekulaani, na karo yangu ningelipiwa na nani? Ulilipa wewe, kidato cha kwanza hadi cha nne, na sikuuliza pesa umezitoa wapi. Mtoto hamuulizi mkubwa wake. Hata leo sioni ningefanya nini kingine.

Baba hakuingia Gohu, kwa hiyo yeye ni koma tu, kimti kifupi kisicho na nakshi. Kimeshachongwa, kimeegemezwa ukutani jikoni kwa mama. Wazee wanauliza siku ya kukisimamisha. Nimewaambia mwana wake mkubwa hajafika.