Mche umezikwa na kiriba chake

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma toka niko chuo cha ualimu na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, hata ile siku mlipokosea jina la marehemu shemeji yangu kwenye tangazo la msiba nilinyamaza. Ila ile habari ya juzi ya vijana wanaozunguka mashuleni hapa Moshi kufundisha mabadiliko ya tabianchi, na ile picha ya watoto wameshika miche wanacheka, imenishinda.

Sina ugomvi na wale vijana, niseme mapema. Elimu yenyewe inatakiwa, hata Mkataba wa Paris wa 2015 umeitaja. Ninachouliza ni kimoja tu, kuna mtu amerudi kuiangalia hiyo miche?

Mwaka jana walikuja kundi lingine huku kwetu juu, Old Moshi, tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira. Mi niko kamati ya shule kwa hiyo nikaitwa. Wakafunga projekta, mapazia yakashushwa, slaidi ya kwanza dubu mweupe kasimama kwenye barafu, mtoto mmoja wa la tatu akaniuliza kwa sauti ndogo, babu, huyu anakaa Marangu? Slaidi ya pili inasema theluji ya Kilimanjaro itakuwa imeisha ifikapo 2020. Sasa kweli watafiti waliandika hivyo mwaka 2002, kwamba itaisha kati ya 2015 na 2020, na kweli imepungua sana, mi niliyezaliwa hapa nimeiona ikinyofoka kidogo kidogo, lakini haijaisha, na kijana mmoja wa la sita akafunua pazia akasema mbona ile pale. Darasa zima likacheka. Mwezeshaji akabonyeza slaidi inayofuata. Yaani hapo ndo palikuwa pa kufundishia, angewaambia kwamba maji tunayokunywa sisi yanatoka zaidi msituni, mvua na ukungu vinaponaswa na miti, kuliko kwenye ile barafu, na ule moto wa Oktoba 2020 tuliokuwa tunauona usiku ukiwaka mlimani ndo wa kuogopa, lakini wapi! Nikanyoosha mkono nikauliza kuhusu mfongo wetu, yaani ule mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu kwa jembe, kila ukoo na zamu yake ya maji, siku ya kuzibua asiyetokea analipa faini, kwa nini sasa hivi Januari ukifika unakauka kabla haujavuka shule? Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu wangu, hilo tulipaki kwanza." Limepakiwa mpaka leo.

Alafu tukatoka kupanda. Juni! Masika yameshaondoka, udongo unaanza kufanya vumbi, watu wanapanda miti wamevaa tisheti mpya, picha, picha tena, bahasha, gari likashuka mjini. Mwezi wa tisa nikapita pale nikang'oa mmoja uliokauka. Ulitoka na kiriba chake, nailoni nzima haijachanwa, mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi. Nikang'oa wa pili, hivyo hivyo. Nikaacha, maana niliona nitapata presha bure.

Na nikishataja nailoni, mifuko si ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019? Mbona sokoni nikinunua nyanya za buku nafungiwa kwenye kile cha kuonyesha, na kesho yake nakiona kwenye mfereji kimeziba njia pamoja na chupa za maji, na chupa zenyewe nyingine ni zile walizogawiwa watu kwenye hiyo hiyo semina ya mazingira, nimeziokota mwenyewe. Mvua zikija barabara inakuwa mto, tunasema tabianchi. Nyingine ni tabia tu.

Mi nina pendekezo. Semina ijayo isifanyike darasani wala hotelini. Ifanyike Jumamosi saa moja asubuhi pale mfongo unapoingia kijijini, chini ya ule mringaringa mkubwa, kila mwezeshaji aje na jembe na buti, wazee wawili waitwe waeleze zamu za maji zilivyokuwa, watoto wazibue na kuuliza. Miche ipandwe mvua zikishaanza, kila mtoto achane kiriba mwenyewe mbele ya mwalimu. Bahasha zisitolewe siku hiyo. Zitolewe Februari, kwa kuhesabu, mche wenye majani mabichi unalipwa, mkavu haulipwi. Kazi ya kuhesabu nitaifanya mimi bila posho, na viriba vyangu viwili nimevihifadhi stoo kama kuna atakayesema natunga.

Mwalimu mstaafu,
Old Moshi