Lori kugoma kuwaka asubuhi: kwa madereva wanaolala Makambako na Njombe

Kila Juni hadi Agosti, msimu wa baridi huku nyanda za juu, malalamiko ya wateja wa gereji yetu hapa Makambako ni yaleyale. Lori limetoka Dar es Salaam likiwaka papo hapo stata ikipigwa, limelala Njombe usiku mmoja likisubiri mbao au viazi, na alfajiri stata inazunguka kivivu, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unatoka, moto haushiki.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda hupata joto, na joto hilo ndilo linalowasha mafuta. Chuma kikiwa cha baridi, kinalinyonya. Oili nayo imekuwa nzito, na betri imepungua nguvu wakati uleule stata inapodai zaidi. Betri iliyochoka huweza kukuvumilia pwani; Njombe inakuumbua.

Washa swichi, subiri taa ya hita (kipasha joto cha kuwashia injini) izime, ndipo upige stata. Moto usiposhika ndani ya sekunde 15, ipumzishe dakika 2. Tafadhali sana, msiwashe moto chini ya tenki wala kumwaga petroli kwenye njia ya hewa. Hita ikiwa ya moto, mvuke wa petroli unaweza kumlipukia utingo usoni.

Likishawaka, usipige resi, maana oili haijafika vizuri kwenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini). Liache silensa, yaani lingurume bila kukanyaga mafuta, dakika 3 hadi 5, upepo wa breki ujae, kisha ondoka taratibu mpaka mshale wa joto upande. Kuliacha lingurume saa nzima hakusaidii: dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda.

Linalotuuma zaidi ni themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Malori mengi tunayofungua hayana. Iling'olewa eti injini isichemshe. Bila themostati maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini inachelewa mno kupata joto lake, au hailipati kabisa, mafuta yanaliwa na silinda zinalika. Gari linalochemsha lina ugonjwa wake: rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, mkanda wa feni umelegea au gasketi imekufa. Utibiwe huo.

Ukipanga kulala huku, pitia kwetu jioni, kabla baridi haijashuka. Tunapima betri zote mbili, hita na stata, tunatoa maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli, na tunakagua themostati. Moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata joto, tuambie mapema, tushushe nozeli (vinyunyizio vya dizeli) tuzikague.