Maji ya bati yawe ya kunywa na kupikia tu

Ndugu Mhariri,

Kila Vuli au Masika inapokaribia, wananchi tunahimizwa kuvuna maji ya mvua. Wito ni mzuri, ila unaishia hapo hapo. Huku Arumeru na vijiji vingine vinavyouzunguka Mlima Meru, swali kubwa ni maji hayo yafanye kazi gani, kwa sababu visima na chemchemi nyingi zina madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano. Ndiyo inayowatia watoto meno ya kahawia, na ikinywewa kwa wingi miaka nenda miaka rudi inaingia hadi kwenye mifupa.

Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo zaidi. Klorini nayo inaua vijidudu tu. Maji ya mvua, kwa upande wake, karibu hayana floraidi kabisa, na hapo ndipo pa kuanzia hesabu.

Mtu mmoja anahitaji kama lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia. Kaya ya watu 6 ni lita 30. Kuanzia Juni mosi hadi Oktoba 31 ni siku 153, yaani lita 4,590. Tangi la lita 5,000 lililojaa Masika inapoisha linavusha kiangazi, lakini kwa kubana, maana lita kama 300 zilizo chini ya koki hazitoki. Sare za shule zikifuliwa kwa maji hayo, au bodaboda ikaoshwa, Agosti familia imerudi kunywa ya kisimani. Kufua, kuoga na kudeki kuna maji ya kisima, hayana neno.

Wengi hudhani paa lao ni dogo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 5, ikipimwa chini pale matone ya bati yanapodondokea, ni mita za mraba 40. Toa asilimia 20 inayorukia pembeni na kukauka, unabaki na lita 32 kwa kila milimita. Hata Vuli mbaya ya milimita 100 inaleta lita 3,200, maji ya kunywa ya kaya hiyo kwa siku zaidi ya 100. Kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukisema "chini ya wastani", mwenye shamba la mahindi ana haki ya kuhangaika, lakini mwenye tangi atazame zaidi mvua zitaanza lini. Zikichelewa mpaka mwisho wa Novemba atahitaji lita 900 nyingine, nazo lazima zibanwe mapema.

Fedha nyingi huishia kwenye tangi, kisha gata, mifereji ya kupokea maji kwenye ukingo wa bati, zinafungwa kwa chenji iliyobaki. Maji yanapotelea hapo. Mvua ya milimita 60 kwa saa inashusha kutoka paa hilo karibu ndoo mbili za lita 20 kila dakika. Gata iteremke sentimita 1 kwa kila mita, ishikiliwe kila baada ya sentimita 60 hivi, na ncha ya bati iingie ndani yake kama theluthi ya upana. Ikifungwa chini mno, manyunyu yanaingia ila mvua kubwa inairuka. Ikilegea katikati, maji yanatuama, majani yanaoza na mbu wanazaliana.

Maji ya mwanzo yasiingie tangini, kwa sababu yanaosha vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege. Tenga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 20 kwa paa letu. Bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, hivyo mita 2.5 za bomba lililosimama kabla ya tangi, tuliite bomba la uchafu, zinatosha. Chini liwe na kifuniko cha kufungua kwa mkono, chenye tundu la msumari, ili lijimwage polepole na liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Tundu huziba kwa tope, bomba linabaki limejaa, na uchafu wa mvua ya pili unapita moja kwa moja. Wanaolalamika kuwa maji ya bati yananuka wangeanza kwa kufungua kifuniko hicho. Hata likifanya kazi vizuri, maji ya kunywa bado yachemshwe. Hapa kuchemsha kunafaa.

Kujua kama mtambo unavuna sawasawa, weka uwanjani kopo lenye pande zilizonyooka, mbali na miti na kuta, upime kwa rula saa 3 asubuhi. Milimita 10 ni lita 320. Toa 20 za bomba la uchafu, zibaki 300. Kwenye tangi lenye kipenyo cha mita 1.8, maji yapande kama sentimita 12. Yakipanda 7 au 8, kuna gata inayovuja au inayorukwa.

Jambo dogo la jikoni: magadi ya kuokota yanayotiwa kwenye maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Ukipikia maji ya mvua kisha ukatia magadi, umeirudisha ile uliyoikimbia.

Ombi langu ni kwa wanaopitisha ujenzi wa madarasa na zahanati katika kata hizi. Gata, bomba la uchafu na jukwaa la tangi viingie kwenye mchanganuo wa gharama tangu mwanzo, kama milango na madirisha. Lita 5,000 ni tani 5. Tangi la msaada likiletwa baadaye na kutuliwa kwenye udongo uliomwagwa jana, litaegama na kupasuka kwenye koki.

Mdau wa maji,
Arumeru, Arusha